Usianze na Robert Johnson kama mimi: uzoefu wangu na CD mbili za bluzi

Kila niliyemuuliza nianzie wapi na muziki wa bluzi alinitajia jina hilohilo. Basi nikaagiza The Complete Recordings ya Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gita wa bluzi kutoka Mississippi, ule mkusanyiko uliotoka mwaka 1990: CD mbili, vipande 41, na kitabu chenye maneno ya nyimbo na habari za maisha yake. Ulishinda tuzo ya Grammy. Nakala yangu ilikuwa imeshatumika, dola 14, gharama ya posta juu yake. Nikaitia kwenye lori asubuhi moja nikitoka Dallas kwenda Memphis. Kufika Texarkana nilikuwa nimeshaizima na kuwasha redio.

Nijieleze kidogo. Mimi ni mtu wa Kakamega, dereva wa lori huku Marekani, na muziki wa huku sikuujia mikono mitupu. Wakenya tunajuana: Jim Reeves kwetu ni kama jamaa wa ukoo, na Kenny Rogers na Don Williams tunawaimba harusini na matangani bila kutazama maneno. Nilidhani bluzi ni binamu ya kantri, nikatarajia sauti laini na hadithi iliyonyooka. Nilichokikuta ni mtu mmoja, gita moja, sauti nyembamba ya juu, na nyuma yake mlio kama wa maandazi yakiwa kwenye mafuta. Hizi ni rekodi za Novemba 1936 na Juni 1937. Ukiwa nyumbani kimya, mlio huo unauzoea baada ya dakika tano. Ukiwa umekalia injini ya dizeli, nusu ya gita inamezwa na injini, nusu nyingine na upepo wa dirishani.

Halafu mpangilio. Nyimbo zenyewe ni 29. Vile vipande 12 vilivyozidi ni marudio, yaani wimbo uleule uliopigwa tena siku ileile studioni. Waliopanga CD wakaona vyema kuweka wimbo na marudio yake vikifuatana. Kipande cha kwanza ni "Kind Hearted Woman Blues". Cha pili pia ni "Kind Hearted Woman Blues". Kwa mtafiti hiyo ni karamu. Mimi dereva nilidhani mashine imekwama, nikaigonga.

Na CD ya pili ilikuwa na mkwaruzo. Aliyeniuzia alikuwa ameandika kwamba hali yake ni kama mpya. Tukaandikiana wiki mbili, akanirudishia nusu ya pesa, nikaona yaishe.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa huko Memphis. Kuna bohari ninakopakua mzigo mara kwa mara, na yeye huendesha foklifti pale. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Mississippi. Siku hiyo alikiona kile kisanduku cha CD kwenye dashibodi, akacheka. Akaniambia Johnson ni wa kumfikia, si wa kuanzia. Akaenda kwenye pikapu yake, akarudi na CD ya Mississippi John Hurt, Today!, ya mwaka 1966, kasha lake limeshikiliwa kwa selotepu. Akasema ni ya kuazima, siyo zawadi.

Wimbo wa kwanza unaitwa "Pay Day". Dakika ya kwanza haijaisha nikatafuta pa kuegesha, kwa sababu kile kidole gumba nilikijua. Kinapiga nyuzi za besi, kwenda na kurudi, hakikimbii, hakichoki, kama mtu anayetwanga huku akizungumza na wageni. Vidole vingine vinachuma sauti ya wimbo huko juu, na ukifumba macho utaapa ni watu wawili. Nimekulia ndani ya mlio huo. Baba alikuwa na kanda ya George Mukabi, mpiga gita wa kwetu, "Sengula Nakupenda" ikiwamo, na mjomba wangu alipokuja Krismasi na gita lake, kazi yetu watoto ilikuwa kukwaruza chupa ya Fanta kwa kijiti ili kushika mdundo. Omutibo, tunauita. Na hata ukivuka kwenda Katanga, huko Kongo, msikilize Jean-Bosco Mwenda kwenye "Masanga" aliyorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, uniambie kidole gumba kinafanya nini. Sisemi nani alimwiga nani. Ninasema tu kwamba niliketi pale kwenye maegesho ya malori, Arkansas, nikanusa jiko la mama.

Habari za huyu Hurt ndizo zilizonimaliza. Alirekodi mwaka 1928, Memphis kisha New York. Santuri zile hazikuuza, akarudi kijijini kwake Avalon, Mississippi, akaendelea na shamba kwa miaka 35. Mwaka 1963 mpenda santuri mmoja, Tom Hoskins, akasikia kwenye rekodi ya zamani jinsi Hurt anavyoitaja Avalon kuwa ndiko kwao. Akatafuta mahali hapo kwenye ramani, akafunga safari, akamkuta mzee yuko hai na vidole bado vipo. Mwaka uleule Hurt akapanda jukwaani kwenye tamasha la Newport mbele ya umati. Akafariki 1966. Miaka mitatu tu! Ukimsikiliza hutasikia kinyongo. Anaimba kama mtu aliyeegemea mlango akisubiri chai ichemke.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kutafuta. Mzee wa foklifti alinipa majina mawili matatu kila nilipopita, nami nikawa nayasikiliza kwenye simu.

Niliyemsikiliza zaidi ni Blind Willie Johnson (hana undugu na Robert, Johnson ni wengi kama akina Wanjala). Najua wenye bluzi yao watanikosoa: huyu alikuwa mwimbaji wa dini, nyimbo zake ni za Mungu. Lakini sikiliza "Dark Was the Night, Cold Was the Ground", aliyoirekodi papa hapa Dallas tarehe 3 Desemba 1927. Haina neno hata moja. Kipofu huyu anateleza kitu kigumu juu ya nyuzi, gita linaomboleza, naye analifuata kwa kuguna tu: mmm, aah. Anayejua sauti ya akina mama wakifika nyumbani kwa marehemu usiku, kabla hata hawajauliza imekuwaje, hahitaji kutafsiriwa. Mwaka 1977 Wamarekani waliuweka wimbo huo kwenye ile santuri ya dhahabu iliyopanda na vyombo vya angani vya Voyager kwenda nje ya sayari zote. Mwenyewe alikufa Beaumont, Texas, mwaka 1945, maskini.

Muddy Waters nilimwanza na albamu yake Folk Singer ya 1964, na hii ndiyo ninayoipendekeza kwa yeyote mwenye spika nzuri au hedfoni. Ni gita la kawaida lisilo la umeme, Buddy Guy kijana pembeni yake, na rekodi ni safi kiasi kwamba unasikia mtu akivuta pumzi. Ukishamzoea hapo, nenda kwenye zile za umeme za Chicago, "Hoochie Coochie Man" ya 1954 na wenzake. Huyu aliondoka shambani Mississippi mwaka 1943, na ukisikia gita lake la umeme utaelewa kwamba mjini kuna kelele za kushindana nazo.

Ni kwa Muddy nilipoelewa pia kwa nini mistari inarudiwarudiwa. Mstari unaimbwa, unarudiwa vilevile au karibu vilevile, kisha wa tatu unatoa jibu. Mwanzoni niliona ni uvivu wa kutunga. Kisha nikamkumbuka nyanya yangu alipokuwa akimshtaki jirani: "Alichukua kuku wangu. Ninasema, alichukua kuku wangu. Na jana nimemwona sokoni akiuza mayai." Hiyo ni bluzi kamili, gita tu ndilo lililokosekana.

John Lee Hooker, "Boogie Chillen'", 1948: mguu, gita na mdomo, basi. Alikuwa mfagiaji kiwandani Detroit. Wimbo mzuri wa usiku barabarani, ila utazame spidi yako. Howlin' Wolf ni wa kusikilizwa kwa sauti kubwa. "Smokestack Lightning" ikipigwa kwa sauti ya chini ni bure. Bessie Smith bado ninamkaribia polepole, maana zile rekodi za miaka ya 1920 zina maandazi mengi kuliko za Robert Johnson. Memphis Minnie ninamsikiliza sasa hivi na sitasema kitu mpaka nimmalize.

B.B. King sihitaji kumwelezea sana, hata nyumbani wapo wanaomkumbuka kwa kuwa alipiga Kinshasa mwaka 1974. Chukua Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago mwaka 1964, usikilize watu wanavyompigia kelele kila anapovuta uzi mmoja. Gita lake aliliita Lucille. Alikuwa akipiga kwenye ukumbi mmoja huko Twist, Arkansas, mwaka 1949, wanaume wawili wakapigana, wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kutia joto, nyumba ikashika moto. King alikuwa ameshatoka nje salama akarudi ndani kuchukua gita. Baadaye akaambiwa wale wawili walikuwa wakimgombania mwanamke aitwaye Lucille. Dereva mwenzangu Mtanzania nilipomsimulia hilo alisema, "Sasa huyo Lucille mwenyewe alisemaje?" Sijapata jibu mpaka leo.

Nilimrudia Robert Johnson baada ya miezi minane hivi, nyumbani, usiku, hedfoni masikioni. Sikuamini ni CD ileile. Sauti niliyoiona nyembamba kumbe inabadilika kila mstari: hapa analalamika, hapa anabembeleza, hapa anamnong'oneza mtu. Kwenye "Come On in My Kitchen" kuna mahali anaacha kuimba kabisa, anasema kwa sauti ya chini, kama kwa mtu aliyeketi karibu naye, asikilize upepo unavyovuma. Na uzi mwembamba wa gita unaufanya huo upepo. Nilivua hedfoni nikatazama dirisha. Wimbo huo umo mara mbili, wa polepole kisha wa haraka zaidi, umefuatana kwa mpangilio uleule nilioulaani. Safari hii nilifurahi, kwa sababu unamwona kabisa fundi kazini: maneno karibu ni yaleyale, chumba ni kimoja, lakini mwendo ukibadilika na mwanamke anayeimbiwa anakuwa mwingine.

Ile hadithi ya njia panda, kwamba alimuuzia shetani roho yake ili ajue gita, mimi naipita tu. Kwetu pia mtu akizidi wenzake kwa kitu hukosi wa kusema alienda kwa mganga. Mwalimu wake anajulikana, Ike Zimmerman, na walifanya mazoezi usiku makaburini kwa sababu huko hakuna wa kuwakera. Kufanya mazoezi usiku kucha ni jambo la kutisha zaidi kuliko shetani. Alikufa tarehe 16 Agosti 1938, ana miaka 27.

Nilichokuwa sijui ni kwamba karibu nusu ya kazi hii ilifanyika karibu na kwangu. Zile nyimbo 13 za Juni 1937 zilirekodiwa hapa Dallas, 508 Park Avenue, katikati ya mji, na jengo bado lipo. Nilienda Jumapili moja baada ya kanisa nikasimama upande wa pili wa barabara. Nilitaka kusikiliza "Love in Vain" nikiwa pale, lakini iko kwenye ile CD ya pili yenye mkwaruzo, nayo kwenye mashine yangu huruka mara tatu. Nikaipiga kwenye simu. Walinzi walinitazama sana.

Kwa hiyo mkusanyiko huu ninaupa nyota nne. Nyota ya tano ninaishikilia kwa sababu ya kuwatupia wageni marudio tangu kipande cha pili. Kama huna bluzi yoyote nyumbani, chukua badala yake King of the Delta Blues Singers ya 1961, ni huyuhuyu Johnson, nyimbo 16 tu, hakuna marudio. Ujue "Sweet Home Chicago" haimo. Ukinunua iliyotumika, omba picha ya upande wa chini wa CD kabla hujalipa. Na kabla ya zote mbili, Hurt.

CD ya mzee nilimrudishia mwezi uliopita. Nikampa na ya kwangu, nyimbo za Mukabi nilizomnakilia nyumbani. Alizisikiliza kwenye pikapu yake mlango ukiwa wazi, nimesimama pembeni, kidole gumba chake kikigonga usukani. Wimbo ulipoisha akaniuliza ni chombo gani kile kinachokwaruza. Nikamwambia ni chupa ya Fanta. Hakuniamini.