Kadi nimeipata, lakini mapokezi ya kituoni sitayasifu

Naandika nikiwa bado na hasira, ingawa kadi yangu ya mpiga kura ninayo, na huenda msomaji akauliza nalalamika nini ilhali nilichokifuata nimekipata. Nalalamikia namna nilivyokipata.

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilipokuwa likiboreshwa mkoani kwetu, katika ule mzunguko uliozinduliwa Kigoma Julai 2024, nilikuwa sijatimiza miaka 18. Hata hivyo, utaratibu ulimruhusu kujiandikisha yeyote ambaye angefikisha umri huo ifikapo siku ya Uchaguzi Mkuu wa 2025, na gari la matangazo lilikuwa limelisema jambo hilo mtaani kwetu mpaka watoto wakalikariri. Basi nikachukua cheti changu cha kuzaliwa, nikaenda kupanga foleni.

Nilipofika mezani nilimwamkia mama aliyekuwa mwandishi msaidizi, yaani ofisa anayeandikisha wapiga kura. Hakuitikia. Alikishika cheti kwa ncha za vidole, akautazama mwaka, akakisukuma kunielekea na kusema kwa sauti iliyosikika foleni nzima, "Wewe bado mtoto, nenda kasome." Nilipojaribu kumweleza habari ya siku ya uchaguzi, alijibu kwamba hakuja pale kufundishwa kazi na mwanafunzi, kisha akamwita anayefuata. Watu wazima walicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliyeninusuru ni kijana mwendesha mashine ya BVR, ile ya kuchukulia alama za vidole na picha, ambaye alimnong'oneza jambo, wakafungua kabrasha la maelekezo, na yule mama akaanza kujaza fomu yangu bila kusema neno, sembuse samahani.

Kuanzia hapo, kusema kweli, kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia: alama za vidole, picha, saini, na kadi ikatoka papo hapo bila mtu kunidai hata senti. Nilikaribia kusamehe. Nilijiambia kwamba mtu anayekaa kituoni tangu saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni ana haki ya kuchoka.

Lakini mbele yangu kwenye foleni alikuwapo binti aliyefukuzwa kwa maneno yaleyale, akakunja cheti chake na kuondoka bila kubishana. Uandikishaji ulikuwa wa siku 7 tu, na sikuona mtu akitumwa kumrudisha. Kama hakurudi mwenyewe, basi Oktoba 29, siku ya uchaguzi, ilimkuta ana umri wa kupiga kura na hana kadi, si kwa sababu sheria ilimkataa, bali kwa sababu mtu mmoja mezani hakuijua. Kwa hiyo ile sifa niliyokusudia kuitoa, ya huduma nzuri yenye dosari ndogo, naifuta. Kanuni ya umri ingebandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, haki ya mtu isingetegemea kama kijana wa mashine ana moyo wa kuingilia kati. Na shikamoo iitikiwe, hata ikitoka kwa asiyefikisha miaka 18.