Tungsten E2 na Palm Desktop: kalenda inayosinki bila bando

Wadau, leo rivyu ya kitu cha zamani lakini kwangu ni kitendea kazi cha kila siku, Palm Tungsten E2, kompyuta ndogo ya mfukoni ya kampuni ya Palm, na hasa jinsi kalenda yake inavyoongea na kompyuta ya mezani. Kamera haina, WhatsApp haina, sasa mtu asije akaninunulia kesi baadae kwamba nimemshauri aache simu yake. Mi naongelea kalenda tu, na kwa kalenda bado sijaona kinachoipita hii.

Kazi yetu ni kukodisha maturubai, viti na sahani za shughuli hapa Tanga. Mke wangu anakaa dukani kwenye kompyuta, anapokea simu za wateja, anaandika oda kwenye Palm Desktop, yaani programu ya Palm inayokaa kwenye kompyuta. Mimi muda mwingi niko saiti, na unajua shughuli ilivyo, unafunga turubai la huyu jirani yake anakuja hapohapo anakwambia na mimi wiki ijayo namuoza binti yangu, basi natoa Palm mfukoni naandika palepale kwa ile kalamu yake. Jioni nachomeka waya, nagusa alama ya HotSync, ile programu ya Palm ya kusinki, kwenye kioo, oda zake zinakuja kwangu na zangu zinaenda kwake, kwisha. Hakuna bando, hakuna akaunti, hakuna kuulizwa nywila, na mtandao ukiwa chini siku nzima sisi hatuna habari.

Sasa nieleze kwa nini naiamini, maana programu za kusinki zipo nyingi na nyingine zinakufanya ulale na wasiwasi. HotSync haibebi kalenda nzima kama furushi ikaitupa upande wa pili. Inaangalia miadi mmojammoja. Kila ukigusa miadi kwenye Palm unawekewa alama kwamba huu umebadilika, na ukiufuta nao unabaki na alama ya kufutwa mpaka kompyuta ipate taarifa, kwa hiyo ukichomeka waya inashughulika na vilivyobadilika tu, ndo maana inamaliza haraka sana. Ukienda kusinki na kompyuta nyingine ambayo siyo ya mara ya mwisho inajua kabisa kwamba alama zile hazitoshi, inapitia miadi yote kulinganisha, hapo inachukua muda mrefu zaidi na hiyo ni sawa, iache ifanye kazi yake.

Na pakitokea mgongano? Hapa ndo ninapoisifia kwa roho moja. Chukulia mteja wa Jumamosi kampigia mke wangu kuongeza viti, kabadilisha kwenye kompyuta, na mteja huyohuyo kakutana na mimi njiani kaomba tuwahishe saa, nimebadilisha kwenye Palm. Tukisinki, HotSync haijifanyi kujua nani yuko sahihi. Inaweka zote mbili, kwenye Palm na kwenye kompyuta, halafu inaandika kwenye logi yake kwamba kuna hivi na hivi, kaangalieni. Sisi tunakaa tunaunganisha, tunafuta moja. Na kama mmoja kafuta oda huku mwingine kaibadilisha, ile iliyobadilishwa ndo inabaki. Kwa mtu wa shughuli hiyo ni busara kubwa, kwa sababu oda kuonekana mara mbili ni usumbufu wa dakika moja lakini oda kupotea ni bibi harusi kukaa juani mbele ya wageni. Mwezi wa Shaaban harusi zinapobanana kabla ya Ramadhani naiona faida yake kila jioni.

Kwenye kompyuta kuna kile kialama cha mishale karibu na saa, ukikibonyeza kulia unaingia sehemu ya Custom, unachagua kalenda, unaona machaguo. Kusinki kwa kawaida ndo chaguo la kuacha. Yapo pia mawili ya nguvu, "Desktop overwrites handheld" na "Handheld overwrites Desktop", hayo yanafuta upande mmoja na kuweka wa pili wote kama ulivyo. Waliotengeneza waliweka jambo moja la kistaarabu sana, ukichagua hilo la kufunika linafanya kazi mara moja tu, safari inayofuata inarudi kwenye kusinki kawaida, isipokuwa kama wewe mwenyewe umelibonyezea liwe la kudumu. Usilibonyeze. Na kama nyumba moja mna Palm mbili, kila moja ipeni jina lake la mtumiaji, majina yasifanane hata kidogo maana kompyuta inatambua kalenda ni ya nani kwa jina hilo.

Haya mambo hayakutokea kwa bahati. Pilot ya kwanza, babu wa hizi Palm, ilipotoka Marekani mwaka 1996, Jeff Hawkins aliyeanzisha Palm na wenzake waliweka kitako cha kuisimamishia wakati wa kusinki humohumo ndani ya boksi pamoja na programu ya Windows, kitako kina kitufe kimoja tu. Wakati huo ilikuwa na memori ya KB 128 na betri mbili ndogo za AAA, sasa fikiria, betri zikiisha kila kitu kinafutika. Nakala iliyoko kwenye kompyuta ndo ilikuwa usalama wako, na nadhani ndo sababu ile sehemu ya kusinki ilipikwa ikaiva, isingeweza kuwa ya kubahatisha.

E2 yenyewe ilitoka 2005 kwa dola 249, na tofauti yake kubwa na Tungsten E iliyotangulia ni kwamba inatunza kumbukumbu kwenye fleshi. Ikizima kwa kukosa chaji unaiwasha miadi yako ipo. Ile Tungsten E ikikaukiwa imefuta, mpaka usinki tena ndo irudishe. Ila E ina raha yake, inatumia waya wa mini-USB kama wa kamera za zamani, unaupata kirahisi. E2 inataka waya wake maalumu, ule mpana wa chini, na bila huo umenunua kioo tu. Mi nachagua E2 bila kusita, ila muuzaji akikwambia waya umepotea shusha bei au achana nayo.

Upande wa Outlook, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda, inafanya kazi, unachagua kwenye programu kwamba unasinki na Outlook badala ya Palm Desktop, lakini kwetu Palm Desktop ni bora zaidi na sababu yake ni majira. Outlook inahesabu saa kwa kufuata kanda ya saa iliyowekwa kwenye kompyuta, na kompyuta nyingi za mitumba zinakuja na kanda ya huko zilikotoka. Ukijaza kalenda halafu baadae ndo ukabadilisha kanda, miadi inasogea, na zile za siku nzima zinajikuta zimekalia siku mbili. Kwa hiyo kabla hujaandika hata oda moja nenda kwenye saa ya Windows uchague Nairobi, +3, ndo uanze.

Kuhusu Windows sasa, hapa msikilize vizuri kabla ya kutoa hela. Draiva za USB za Palm, yaani programu zinazofanya kompyuta iitambue Palm kwenye waya, ni za Windows ya biti 32, ambayo ndo ya mashine za zamani. Kwenye ya biti 64 waya hausinki kwa draiva zile rasmi. Kama kompyuta ina blututhi unaweza kupitia huko, E2 inayo, kwenye programu ya HotSync unaruhusu chaguo la serial na kuchagua kom poti (mlango wa mawasiliano) ya blututhi, inakubali ila ni pole kuliko waya na kuiset mara ya kwanza kunataka utulivu. Sisi dukani tuna mashine ya zamani yenye Windows XP, haiunganishwi intaneti kabisa, kazi yake kalenda na risiti. Anayetumia Linux, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, kuna programu ya J-Pilot ambayo inaongea na Palm bila Windows, nayo nzuri tu, sura yake kavu lakini inafanya kazi.

Mapungufu yapo. Miadi ya kujirudia inakubali kila wiki, kila mwezi, kila mwaka, ila yote kwa kalenda ya kizungu. Maulidi, Idi, nisfu Shaaban, hizo huwezi kuiambia ijirudie yenyewe, kila mwaka unaandika kwa mkono, na kwa biashara ya shughuli huku pwani hilo ni pengo la kweli. Natamani mtu angelifikiria enzi zile. Pili, kalenda ya Palm mwisho wake ni tarehe 31 Desemba 2031, baada ya hapo haina siku, ndivyo walivyopanga tarehe tangu mwanzo.

Betri ya ndani nayo iulizie, hizi mashine zina umri. Iwashe mbele ya muuzaji, iache kioo kikiwaka muda mrefu huku mnapiga stori, andika miadi miwili mitatu, na kama ana kompyuta sinki palepale uione HotSync mpaka iseme imemaliza. Ikipita hapo, waya upo, na nyumbani una mashine ya biti 32 au Linux, chukua. Kama una laptopu mpya peke yake na huna hamu ya kuhangaika na blututhi, hii siyo yako.