Milima ya Volkano na Milima ya Kujikunja
Milima ya volkano na milima ya kujikunja hutokana na nguvu za ndani ya dunia, lakini hujengwa kwa njia na kasi zilizo tofauti kabisa. Mlima wa volkano hukua kwa kurundikana: magma, yaani miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi, hupanda kupitia ufa, hutoka ikiwa lava na majivu, kisha hupoa tabaka juu ya tabaka, na ndiyo maana Kilimanjaro, wenye mita 5,895, umesimama peke yake. Mtu anaweza kuishuhudia kazi hiyo maishani mwake. Paricutín nchini Mexico ilichomoza katika shamba la mahindi mwaka 1943, na ilipozimika mwaka 1952 ilikuwa na urefu wa takriban mita 424.

Himalaya, ambayo ni milima ya kujikunja, kwa upande wake ilianza kuinuka takriban miaka milioni 50 iliyopita, bamba la India (bamba ni kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea) lilipogongana na bamba la Ulaya na Asia, na miamba iliyokuwa sakafu ya bahari ikakunjwa na kusukumwa juu, hata leo kileleni mwa Everest kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. Kwangu, ushahidi huo unastaajabisha kuliko mlipuko wowote. Mvua, mito na barafu humomonyoa milima yote, ila Himalaya bado inainuka, ilhali volkano iliyozimika haifidii tena inachopoteza.