Vitabu vyangu vya mwaka huu, nikiwa nyuma ya kaunta ya duka Makorora

Kitabu changu cha mwaka ni Peponi. Nimeanza na jibu ili mwenye haraka asinisubiri. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis ndiye aliyetuletea ya Kiswahili, ikachapwa na Mkuki na Nyota. Mimi nina duka la rejareja Makorora, hapa Tanga, kwa hiyo hukumu yangu ni ya muuza duka. Wahakiki wana yao.

Wanaoisifia riwaya hii hutaja misafara, pembe za ndovu, wapagazi, Wajerumani wakiingia bara. Yote yamo. Lakini kwangu mimi hiki ni kitabu cha deni. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo kwenye mji wa bara uliochangamka wakati reli inajengwa, kisha ukadoda. Tajiri wa pwani, Aziz, hupita kwao akiwa safarini, anakirimiwa, na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Mtoto anamhesabu kuwa mtu wa ukoo, anamsubiri kwa hamu. Siku moja anaambiwa afungashe, ataondoka naye. Hakuna anayemweleza sababu. Ni mpaka anapofika dukani kwa Aziz, anapomkuta Khalil, kijana aliyemtangulia, ndipo anapofunguliwa macho: huyu si mtu wa ukoo wako, baba yako anadaiwa, na wewe ndiye rehani. Khalil naye yuko pale kwa deni la baba yake.

Hapo nilikiweka kitabu chini, nikatazama daftari langu la madeni. Mtu anakuja jioni, anachukua unga na mafuta, anasema, "Niandikie, dada." Naandika. Sijawahi kufikiria kwamba mstari ule, ukiachwa ukue miaka na miaka, unaweza kufika kwa mtoto wa mtu. Gurnah hakunihubiria hata neno moja. Amemwonyesha tu mdai asiyepaza sauti: Aziz ni mpole, ananukia vizuri, ana adabu za kutosha kugawia mtaa mzima, na kila kitu mwisho wake kinakuwa mali yake. Wadai wa namna hiyo tunao. Wakali ni afadhali, maana mkali unamkimbia.

Sehemu za dukani ndizo nilizozirudia zaidi. Vijana wawili wanauza, usiku wanalala barazani, Khalil anawatania wateja huku mkono unapima. Pia yupo bibi mmoja, Ma Ajuza, ambaye kila akija anamng'ang'ania Yusuf na kumwita mume wake, mtaa mzima unacheka. Ukweli wa jambo hilo anaujua aliyewahi kusimama kaunta. Kila duka lina Ma Ajuza wake, wangu mimi huja Ijumaa.

Sikuzipenda kurasa zote. Ile safari kubwa ya kwenda bara ni ndefu, majina ya watu na vijiji yanapishana, na ukikatizwa na mteja anayetaka sukari nusu kilo unaporudi umeshampoteza nani ni nani. Kitabu hiki ni cha usiku, duka limefungwa. Ila vumilia mpaka msafara ufike kwa Chatu, yule mtawala wa bara anayewashikia mali yao. Aziz ananyang'anywa kwa hoja ile ile anayoitumia yeye: palikuwa na deni la zamani, sasa linalipwa.

Mwisho sitausema. Nilifunga kitabu nimemkasirikia Yusuf, nikamwambia jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwamba mtoto yule ameniangusha. Akanitazama. "Sasa wewe mwenzangu, ungekuwa yeye ungeenda wapi?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Hadithi inaishia vita vya kwanza vya dunia vikiwa mlangoni, na sisi wa Tanga tunajua kilichofuata, maana Novemba 1914 Waingereza walishusha askari hapa hapa, wengi wao Wahindi, wakapigwa na jeshi la Wajerumani lililokuwa na askari Waafrika kibao. Makaburi ya vita vile yapo mjini mpaka leo. Nikipita huko siku hizi namuwaza Yusuf.

Cha pili ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, na hapa najua nitagombana na watu. Tanga kila mtu ana Shaaban Robert mdomoni, wachache wanaye mkononi. Amezaliwa 1909 Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji, tunajivunia, basi, imetosha. Tulichosomeshwa wengi ni Kusadikika, na mimi Kusadikika sijakipenda hata nilipokirudia ukubwani. Kimejengwa vizuri, Karama anasimama mbele ya mashtaka na kusimulia habari za wajumbe sita, lakini mshitaki akishaitwa Majivuno mimi nimeshamaliza kazi ya kumjua. Maisha Yangu ni mtu mzima mwenye mshahara wa karani, anahamishwa kituo kama watumishi wanavyohamishwa hadi leo, kutoka pwani mpaka Mpwapwa. Anafiwa na mkewe Amina. Anabaki na watoto, na anawatungia tenzi mbili, mmoja wa binti yake, mmoja wa mwanawe wa kiume. Shairi la kumlilia Amina nililisoma mchana, duka likiwa wazi, na nasema tu kwamba si kitabu cha kusomea mbele ya wateja.

Asiyependa mawaidha atachoka, maana marehemu alikuwa hapitwi na nafasi ya kuusia. Sura zake lakini ni fupi, unaweza kuingia na kutoka. Nakala yangu ni ya mtumba. Aliyeniuzia aliapa imekamilika, kumbe karatasi kadhaa hazipo, tena katikati ya utenzi wa binti. Mwalimu alinijazia beti zile kwa kichwa, amesimama, chenji yake mkononi. Kwa hiyo ukinunua vya mtumba fungua kila karatasi mbele ya muuzaji, hata akinuna.

Vuta N'kuvute cha Adam Shafi sina haja ya kukieleza sana, kinajiuza. Yasmin, binti mdogo aliyeozwa mzee, anatoroka, kwao wanamkataa, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, Unguja, enzi za mkoloni. Wengi wanamsifia Denge, mpigania uhuru. Mimi namchagua Mwajuma: hana kitu na mlango wake uko wazi. Mpwa wangu, anayeendesha bodaboda, alikisoma kijiweni akiwa anasubiri abiria. Akanijia mbio: "Shangazi, huyu Mwajuma nimeshawahi kumpakia!" Nikamwambia wote tumeshawahi.

Mzee mmoja wa mtaani yeye chaguo lake ni utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, kuutwaa Mrima, pwani yetu hii, vile vya 1888 na 1889, akina Abushiri wa Pangani. Kuusoma kwa macho ulinishinda, Kiswahili chake ni kizito na Kiarabu ni kingi. Mzee alipoughani barazani nikaelewa kila kitu.

Kupata vitabu hivi Tanga ni kazi. Maduka mengi ya vitabu yanauza madaftari na vya shule, riwaya zipo chache pembeni, nyingine zimefifia kwa jua. Peponi nililetewa na basi kutoka Dar, nikaifuata stendi kama kifurushi cha dagaa. Nauli ya mzigo ni ndogo, usiogope kuagiza.

Kama huna utulivu wa usiku, anza na Maisha Yangu. Kama nyumbani una mtoto wa sekondari, Vuta N'kuvute mpe akishamaliza mitihani, si kabla, maana hatashika kingine. Na Peponi usimkopeshe mtu anayekudai.