Windows, Linux, Mac au Chrome? Mwongozo wa kununua laptopu ya mtumba ukiwa Kigoma

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa pale Mwanga, hapa mjini Kigoma, limebadilika. Zamani mtu akinibeba kwenda naye dukani, alitaka nimwambie kama laptopu ni nzima. Sasa anauliza, "Mwalimu, hii itakubali Windows 11?" Siku hiyo ndipo Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao umejaa kwenye laptopu za mtumba zinazotufikia huku mwisho wa reli kutoka Kariakoo. Hakuna laptopu iliyozimika siku hiyo. Zinawaka, zinachapa barua, zinacheza muziki. Ila matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi tena kwa kila mtu, na muuzaji hana sababu ya kukwambia.

Ushauri wangu ni kwamba uchague mfumo kwanza, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, laptopu baadaye. Wengi tunafanya kinyume. Tunapendezwa na bodi jembamba na nembo inayong'aa, tunapatana bei, tunafika nyumbani, ndipo tunagundua mashine haiwezi kubeba mfumo tunaouhitaji, au inaubeba huku ikihema. Fedha inakuwa imeshatoka, na kuirudisha laptopu Dar es Salaam kwa basi si jambo la asubuhi moja.

Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani, andika kwenye karatasi kazi unazofanya kwa wiki. Mtumishi wa umma anayeingia ESS, tovuti ya watumishi, kijana anayeomba mkopo HESLB au kazi kwenye Ajira Portal, mama anayeangalia barua pepe: hao wote wanafanya kazi ndani ya kivinjari, na Firefox au Chrome zipo kwenye karibu kila mfumo. Mhasibu anayetumia QuickBooks iliyowekwa ndani ya kompyuta, fundi wa ramani anayechora kwa AutoCAD, mpiga picha wa harusi anayeishi kwenye Photoshop: hao wana mfumo wao tayari, na wasishawishiwe na mtu, hata mimi. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua, kuliko mpangilio wangu ufuatao.

1. Linux Mint kwenye laptopu ya kizazi cha nne hadi cha saba

Kizazi ninachosema ni cha prosesa, ubongo wa kompyuta; namna ya kukisoma iko kwenye namba 2. Najua wengine watashangaa kuiona Mint, mfumo wa bure wa ukoo wa Linux, ikitangulia Windows. Kwa nyumba nyingi za hapa Kigoma sina shaka nayo, na nitaeleza kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka flashi steshenari kuchapa mitihani ya kidato cha pili. Iliporudi, kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato, na nilipobofya, laptopu yangu nayo ikaambukizwa. Mtihani ulikuwa wa kesho yake. Nilikesha nikiuandika upya. Kirusi kile kimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ukiichomeka flashi ileile kwenye Linux, njia za mkato hazifanyi kitu, na mara nyingi unaziona folda zako halisi, ambazo Windows ilikuwa inazificha, zimekaa palepale. Siku hizi majirani wananiletea flashi zao niwatolee faili, na kazi hiyo naifanya kwenye Mint bila wasiwasi.

Mint inajengwa juu ya Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa neno ambalo sisi tunaliita utu. Vyote viwili vina kiini cha Linux, alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland. Mimi napendelea Mint kwa sababu menyu yake iko chini kushoto, madirisha yanafungwa kwa alama ya X juu kulia, na mtu aliyezoea Windows haombi ramani. Toleo la 22 linatunzwa hadi 2029. Linahitaji RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 kwa uchache, lakini usinunue chini ya 4, na ukipata 8 umepata. Ni bure kabisa, bila leseni na bila fundi wa kuvunja kufuli.

Faida kubwa iko kwenye pochi. Kwa kuwa laptopu za kizazi cha sita na cha saba "hazikubali Windows 11", wauzaji wanazishusha bei kuliko za kizazi cha nane, ingawa kwa kazi za nyumbani hutaona tofauti kubwa. Tofauti hiyo inunulie SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kama mashine ina diski ya zamani inayozunguka. Hakuna pesa ndogo inayobadilisha laptopu kuukuu kama hiyo.

Sasa ubaya wake, maana upo. Microsoft Office ya kuweka ndani ya kompyuta haiingii. Utatumia LibreOffice, wa ukoo uleule wa OpenOffice ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Inafungua faili za Word na Excel, lakini hati yenye majedwali mengi inaweza kusogea mistari ikifunguliwa kwa mwenzako. Mara nyingi chanzo ni fonti. Weka fonti za Microsoft kupitia kidhibiti programu cha Mint, na kwa Calibri tumia Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Hati ya kuchapwa steshenari ihifadhi kama PDF, habari inaisha hapo.

Printa nayo ijaribu kabla. HP nyingi zinaitikia mara moja. Printa ndogo za Canon za leza zimewahi kunisumbua hadi nikaacha. Na kama Wi-Fi haikuonekana baada ya kuweka mfumo, usikate tamaa: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, Mint itapata mtandao hapohapo na utapakua kinachokosekana.

2. Windows 11, kizazi cha nane na kuendelea

Kama karatasi yako ina programu isiyo na mbadala, njoo hapa moja kwa moja. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na masharti yake ni magumu: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. RAM ya GB 4 ni ya kwenye karatasi tu. Nunua 8.

Kizazi kisome kwenye namba ya prosesa, usikisome kwenye jina la laptopu. Ukiona i5-6300U, namba ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. i5-10210U inaanza na 10, basi ni cha kumi. Hapa ndipo watu wanapoumia: HP EliteBook 840 G5 na Lenovo ThinkPad T480 huuzwa kama za kizazi cha nane, kumbe zipo zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba. Mwambie muuzaji awashe, fungua taarifa za mfumo, uisome mwenyewe.

Fundi atakwambia anaweza kuipiga Windows 11 hata kwenye kizazi cha sita. Ni kweli anaweza, na itawaka. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine isiyotimiza masharti, na masasisho ndiyo sababu ya kuihama Windows 10. Utakuwa umehama nyumba inayovuja kwenda nyingine inayoweza kuvuja.

Jambo la leseni halizungumzwi vya kutosha. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za maofisi Ulaya na Marekani, na zilinunuliwa na Windows Pro halali ambayo ufunguo wake umehifadhiwa kwenye ubao wa mashine yenyewe. Ukiweka Windows 11 Pro safi kutoka kwa Microsoft, inajiwezesha yenyewe ikipata intaneti. Huna haja ya Windows ya kuvunjwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya uwezeshaji. Ukikuta imeandikwa kwamba imewezeshwa na huduma ya taasisi yako, na wewe huna taasisi, mara nyingi fundi ametumia zana ya wizi, na zana hizo ni mlango wa virusi. Mwombe aifute na kuweka safi mbele yako.

Jiandae kwa bando. Faili ya kusimika Windows 11 inazidi GB 5, ya Mint ni karibu GB 3. Baada ya hapo Windows inapakua masasisho kila mwezi, na usipoiambia kwamba mtandao wako unalipiwa kwa kipimo, italamba bando la wiki usiku mmoja. Mint inakusubiri uibofye.

3. Chromebook, au ChromeOS Flex kwenye laptopu uliyonayo

Chromebook ni laptopu yenye ChromeOS, mfumo wa Google; Flex ni mfumo huo wa kuweka kwenye laptopu ya kawaida. Hii inamfaa mtoto wa shule anayeandika kwenye Google Docs na kusoma mtandaoni, kwenye nyumba yenye intaneti ya kudumu. Ni nyepesi, inawaka haraka, virusi vya Windows haviigusi. Flex, ambayo Google ilianza kuitoa mwaka 2022, ni bure na inataka RAM ya GB 4, ila haipokei programu za Android kutoka Play Store. Chromebook ya mtumba ina tarehe yake ya mwisho wa masasisho. Ingia kwenye mipangilio uisome kabla hujatoa hela. Zilizotoka kuanzia 2021 zina miaka kumi. Kwa mtu anayenunua bando la siku kwa siku, siishauri.

4. Mac

MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ni mashine nzuri sana: haina feni, haitoi sauti, na betri yake inavuka siku ya kazi. Kwa mji ambao tumeishi miaka mingi kwa jenereta za TANESCO, betri hiyo naiheshimu. Lakini RAM haiongezeki baada ya kununua, vipuri vinaagizwa mbali, na bei yake inanunua ThinkPad mbili.

Mac za Intel ziache. Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwao, na zile Air za 2017 zinazouzwa kwa wingi ziliishia Monterey, mfumo wa 2021. Na Mac yoyote ya mtumba isiyotolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza ni bati tu. Iwashe mpaka mwisho, uweke akaunti yako, ndipo ulipe.

5. Kubaki Windows 10

Naiweka mwisho na sipendekezi kununua kwa ajili yake. Kwa aliye nayo tayari, Microsoft imetoa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026. Unajisajili kwa akaunti ya Microsoft ndani ya sehemu ya masasisho. Ni muda wa kujipanga.

Ukiwa dukani

Beba flashi ya GB 8 yenye Mint. Mint inawaka kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, kwa hiyo ndani ya dakika kumi utajua kama Wi-Fi, sauti, kamera na kibodi vinafanya kazi. Flashi hiyo inakufaa hata kama unanunua Windows, kwa sababu inafichua jambo moja zito: nenosiri la BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine kabla ya mfumo. Laptopu za maofisi mara nyingine zinauzwa bila kulitoa, na mashine ya namna hiyo inaweza kukataa kuwaka kutoka kwenye flashi maisha yake yote.

Betri usiiamini kwa asilimia inayoonekana. Kwenye Windows fungua kisanduku cha amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotengenezwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, iwe sababu ya kushusha bei. Angalia pia kibodi: herufi za juu zikianza na A Z E R T Y, ni ya Kifaransa, na hakuna mfumo utakaobadilisha maandishi ya kwenye vitufe.

Unayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, nakili faili zako kwenye diski ya nje na uzifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimo, nakili pia nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski, andika ufunguo wake kwenye karatasi. Ndipo ufute.

Mwezi uliopita nilikwenda na jirani yangu, muuza dagaa wa Kibirizi, ambaye binti yake anaanza chuo Tabora. Macho yake yalikuwa kwenye EliteBook nyembamba. Nilipochomeka flashi, ikadai nenosiri. "Subiri nimpigie bosi Dar es Salaam," kijana wa duka akasema. Bosi hakulijua. Kando yake ilikuwepo ThinkPad T470, nene kidogo, ya kizazi cha saba, yenye betri mbili, ya nje inayotoka kwa kidole huku mashine ikiendelea kuwaka. Binti akaandika ukurasa mzima kwenye LibreOffice tukiwa bado tunapatana bei. "Mwalimu, mbona ni ileile tu?" akaniuliza. Mama yake akahesabu hela, na chenji iliyobaki ikanunua SSD.