Miaka 16 kimya, kisha Let God Sort Em Out: nilivyoisikia albamu mpya ya Clipse

Nianze kwa kukiri kosa. Mara ya kwanza niliisikiliza albamu hii hovyo. Programu ya muziki iliyo kwenye simu yangu, kwa kuwa nilikuwa silipii, huchanganya nyimbo inavyojisikia yenyewe na kuchomeka matangazo katikati. Ikanitupia wimbo wa nane sijui wa tisa, watu wanajisifia saa na magari, nikasema basi, wazee wamerudi kutafuta hela ya uzeeni. Nikazima. Wiki moja baadaye nikalipia mwezi mmoja, nikavaa hedifoni, nikaanza na wimbo wa kwanza kama walivyoupanga wenyewe. Ulipoisha sikuweza kwenda wa pili. Nikasimamisha, nikakaa tu.

Kwa hiyo kabla sijasema lolote: isikilize kwa mpangilio wake. Ni nyimbo 13, dakika 40 hivi, haikuli siku.

Kwa wasiowajua, Clipse ni kundi la rapu la ndugu wawili wa tumbo moja, Gene na Terrence Thornton, vijana wa Virginia Beach kule Marekani. Mkubwa ni Malice, mdogo ni Pusha T. Kwa rika langu hawa ni ule mdundo wa "Grindin'" wa mwaka 2002, ambao ni karibu ngoma tupu, kiasi kwamba kijana yeyote mwenye dawati na viganja viwili aliweza kuupiga. Tuliupiga. Niliwahi kutolewa nje ya darasa kwa sababu yake, na sijutii. Albamu yao Lord Willin' ilitoka mwaka huohuo, Hell Hath No Fury ikafuata 2006, Til the Casket Drops 2009, halafu kimya.

Kimya hicho kina hadithi yake. Mashairi yao yote yalikuwa ya kuuza unga, na hakuna waliowahi kuuza unga kwa maneno matamu kama wao. Mwaka 2009 aliyekuwa meneja wao akakamatwa kwa kesi ya dawa za kulevya, na mkubwa akaanza kujihoji. Akaokoka, akajiita No Malice, akaandika kitabu, akatoa albamu za mtu aliyemrudia Mungu. Mdogo akaendelea peke yake na unga uleule, tena akawa mkali zaidi. Walikutana kwa nadra kwenye nyimbo za watu. Kisha tarehe 11 Julai 2025 wakatoa hii, na mkubwa karudi na jina lake la zamani.

Swali nililokuwa nalo mimi ni moja: mtu aliyeokoka atachana nini ndani ya Clipse?

Jibu liko kwenye wimbo wa kwanza, "The Birds Don't Sing". Wazazi wao walifariki kwa kupishana miezi michache, mama mwishoni mwa 2021, baba mwanzoni mwa 2022. Mdogo anachukua ubeti wa mama, mkubwa anachukua wa baba. Pusha anasimulia mara ya mwisho alipomwona mama: mama anaongea, anamweleza mipango yake, na kijana akili yake iko safarini. Baadaye ndipo anaelewa kwamba alikuwa anaagwa. Ni ubeti mzuri mno, na kama angekuwa peke yake ningesema wimbo umeisha.

Halafu anaingia Malice. Gari la mzee liko nje, maana yake yupo ndani. Anabisha hodi. Anabisha tena. Kufikia hodi ya tatu mwili unamsisimka. Hana kilio kwenye sauti, anaeleza kama mtu anayewasimulia majirani waliokusanyika uani, jambo baada ya jambo, na ndiyo maana inauma. Anasema, kwa namna yake, kwamba mzee alikuwa muungwana mpaka mwisho, hakukubali mkewe aende peke yake. John Legend yupo kwenye kiitikio na kwaya ya Voices of Fire inainua nyuma, lakini kusema kweli ningependa wimbo huu hata bila wao. Nikiwa mkali, ningesema kwaya inataka nilie pale ambapo zile hodi tatu zilishaniliza.

Nilimtumia kaka yangu ule wimbo bila maneno yoyote. Kaka si mtu wa rapu, yeye ni mtu wa rumba. Siku mbili zikapita kimya, usiku wa tatu akaniandikia: "Yule wa pili ndiye mkubwa, eh?" Nikamjibu ndiyo, kaka. Akasema, "Anasikika." Hatujazungumza zaidi ya hapo, na sikumuuliza alijuaje.

Anasikika kweli, na si hapo tu. Albamu nzima Pusha anachana kama mtu ambaye duka lake bado liko wazi. Malice anachana kama aliyelifunga zamani lakini anakumbuka kila kilichokuwa kwenye rafu na aliyekuja kununua. Sauti yake imekuwa nzito, haharakishi, anaacha vina vitulie. Kila anapoingia naongeza sauti. Nilikwenda kumsikiliza Pusha, maana huyo ndiye niliyekuwa naye miaka yote hii, nikatoka namtaja kaka yake. Sitaficha kwamba kuna sehemu naye anateleza na kurudi kwenye majigambo ya kawaida, na hapo nilijiuliza kama wokovu ulipewa likizo. Yeye hajibu, anachana tu.

Midundo yote ni ya Pharrell Williams, yule aliyewatoa tangu mwanzo. Zamani alikuwa na Chad Hugo, wakiitwa The Neptunes. Safari hii yuko peke yake. Tangu 2023 Pharrell ndiye mkuu wa ubunifu wa mavazi ya kiume Louis Vuitton, na sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa Paris, kwenye makao makuu ya nyumba hiyo ya mitindo. Unasikia. Kila kitu kimepigwa pasi. Wakati mwingine nataka vumbi kidogo.

Lakini kuna "So Be It". Mdundo wake umechukua kipande cha wimbo wa Talal Maddah, mwimbaji wa Saudi Arabia, na zile nyuzi za okestra ya Kiarabu zinaposhuka, mtu yeyote aliyekulia karibu na redio ya taarabu atageuza shingo. Mimi niligeuza. Kwa sekunde chache hujui kama anakuja rapa au anakuja mama wa kutunzwa hela. Halafu ngoma nzito inaingia chini yake na ndugu wawili wanapokezana kama hakuna kilichotokea kwa miaka 16. Mwishoni Pusha anamchapa rapa mwenzake Travis Scott, mambo yao ya wenyewe, mimi nilikuwa bado na zile nyuzi. Huu nimeurudia kuliko wote baada ya ule wa kwanza.

"Chains & Whips" ndiyo ngoma yenye kelele zaidi, gitaa linanguruma na rapa Kendrick Lamar yupo. Ubeti wake ndio uliochelewesha mambo. Kwa maelezo yao wenyewe, kampuni waliyokuwa chini yake ilitaka ubeti ule ubadilishwe au uondolewe, wao wakagoma, wakajinunua kwa fedha ndefu na kuitoa albamu kupitia kampuni nyingine, Roc Nation. Nilidhani nitakuta matusi ya kutisha. Sikuyakuta. Nilikuta ubeti mzuri wa mtu mwenye pumzi, basi.

Sasa lawama zangu. Kuna sauti ya kike iliyorekodiwa inayojirudia humu, ikisema kwamba hiki kinachofuata hakifai kwa maadili ya utamaduni. Mara ya kwanza nilitabasamu. Mara ya tano nilitaka kumpigia simu. Pharrell pia hajui kukaa nyuma. Akianza kuimba kiitikio kwa ile sauti yake ya juu, ukali uliojengwa na ndugu hawa unayeyuka kama barafu ya kwenye glasi. Na katikati ya albamu, kuanzia "E.B.I.T.D.A." kuendelea, kuna mteremko. Jina hilo ni la wahasibu, faida kabla ya riba, kodi na uchakavu wa mali, "F.I.C.O." nayo ni ile alama ya kukopesheka ya Wamarekani, inayoanzia 300 hadi 850. Wauza unga waliokuja kuwa wahasibu, wazo ni tamu sana. Nilitaka walichimbe. Wao wametumia majina, kisha wakarudi kwenye saa za mkononi. Stove God Cooks kwenye "F.I.C.O." ameokoa jahazi, nakiri, yule jamaa ana kiitikio cha kuchekesha na kutisha kwa wakati mmoja.

Kwingineko inapanda. "Ace Trumpets" tuliisikia mapema, ilitangulia mwezi Mei, na ndani ya albamu inakaa vizuri kuliko ilivyokuwa peke yake. Tyler, the Creator kwenye "P.O.V." anachana kama shabiki aliyeitwa jukwaani na hataki kushuka. Nas yupo kwenye wimbo uliobeba jina la albamu, ambalo kwa Kiswahili ningelisema "Mungu Ndiye Atakayewachambua", msemo wa zamani wa vitani: ueni wote, walio wema Mungu atawajua. Kuanza na hodi kwenye mlango wa baba, kisha kubeba jina kama hilo juu ya jalada, hilo sijalizoea bado.

Je, inafaa kulipia? Mimi nililipia mwezi mmoja kwa ajili yake na sasa ni mwezi wa tatu. Kama unaanza na Clipse leo, usianzie hapa. Anza na Lord Willin', upige dawati kwanza, ndipo uje. Kama ulikuwa nao tangu zamani, jipe usiku mmoja usio na kelele. Nyimbo ninazoruka ni tatu, zote za katikati. Ule wa kwanza siuchezi nikiwa kwenye daladala, nilijaribu mara moja nikashuka kituo si changu.