Mapitio ya tovuti ya logainm.ie: kijiji cha Kinvara na asili ya jina lake

Sisi wa Mikindani tumezoea kuambiwa kwamba mji wetu uliitwa hivyo kwa sababu ya mikinda, yaani minazi michanga, na simulizi huishia hapo bila mtu kutuonesha andiko lolote la kale. Ndiyo maana tovuti ya logainm.ie, hazina ya majina ya mahali nchini Ayalandi iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Dublin City pamoja na tawi la serikali linaloshughulikia majina hayo, ni huduma ya kuonewa wivu. Kuitumia ni bure.

Nimeipima kwa kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Kinvara, katika kaunti ya Galway, magharibi mwa nchi hiyo. Kwa Kiingereza jina hilo halimwambii mtu chochote. Tovuti inalirudisha kwenye Kiayalandi, Cinn Mhara, lililotokana na ceann, kichwa, na muir, bahari. Na kijiji kimekaa hasa pale mkono mmoja wa Ghuba ya Galway unapokomea. Herufi mh hutamkwa v, kwa hiyo tahajia ya Kiingereza inaeleweka mara moja. Lililonivutia zaidi ni kwamba cinn ni umbo la zamani la kutajia mahali, kiasi kwamba jina linakaribia kusema "kichwani mwa bahari", na wenyeji wa Mikindani na Shangani hawahitaji mkalimani kulielewa.

Ubora wa huduma hii uko katika ushahidi. Majina mengi yameambatanishwa na tahajia za zamani na miaka yake, zikiwemo zilizokusanywa katika upimaji wa ramani ulioanza mwaka 1824, ambao katika miaka ya 1830 ulimtuma mtaalamu John O'Donovan vijijini kuwasikiliza wenyeji wakiyatamka majina yao kabla ya kuamua yaandikwe vipi. Msomaji anaweza kufuata jina karne hadi karne na kuamua mwenyewe kama maelezo yanakubalika. Asitafute humo habari za mashua zilizokuwa zikivuka ghuba kutoka Connemara kuleta Kinvara kuni za udongo, yaani udongo mkavu unaochomwa kama kuni (habari tamu kwa watu wa majahazi), kwa maana hapa kinachochunguzwa ni jina tu.

Kurasa zake ni za Kiayalandi na Kiingereza pekee, na picha za kadi za kumbukumbu, zilizoandikwa tahajia hizo za zamani na vyanzo vyake, hula bando kwa anayetumia simu. Mgeni aanzie kwenye faharasa ya maneno yanayojirudia, kama baile, makazi, na cill, kanisa, kisha ndipo atafute kijiji. Akianzia kwenye kadi, vifupisho vya vyanzo vitamchosha mapema. Walimu wa jiografia na historia wa Mtwara na Lindi watafaidika nayo kuliko wengine, hasa wanaotaka kuwafundisha wanafunzi namna ya kuhoji asili ya jina.